Canon 2000D, Nikon D3500 au Canon 250D: uanze na DSLR ipi?

Mtu anayetafuta DSLR yake ya kwanza (kamera yenye kioo cha ndani na lenzi za kubadilisha), majina matatu yatamfuata kila anakouliza: Canon EOS 2000D, Nikon D3500 na Canon EOS 250D. Mbili za mwanzo zilitoka 2018, ya tatu ikatoka 2019. Tangu 2020 Canon na Nikon hawajatoa DSLR mpya, nguvu zao zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani. Kwa hiyo unachokikuta dukani leo ni modeli za miaka hiyo, kwenye maboksi au used. Hilo lisikutishe. Harusi zilizopigwa kwa kamera hizi hadi leo zinaning'inia kwenye kuta za watu, na lenzi zake zimejaa sokoni kwa bei ambayo anayeanza anaweza kuimudu.

Jambo moja kuhusu majina kabla hatujaenda mbali. Mzigo unatoka pande nyingi, na kamera ileile hubadilishwa jina kulingana na soko. 2000D ndiyo 1500D ya Asia na Rebel T7 ya Marekani. 250D ndiyo 200D Mark II ya Asia na Rebel SL3 ya Marekani. Ukiambiwa "hii ni nyingine kabisa, ya Marekani", ujue ni ileile. Ila kuna 4000D, ambayo hukaa pembeni ya 2000D kwenye kabati na inafanana nayo sana. Ile ina megapikseli 18, na sehemu ya kufungia lenzi ni ya plastiki badala ya chuma. Iache.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kama kazi yako ni picha, chukua D3500. Kama ni video, au picha na video kwa pamoja, chukua 250D. 2000D ichukue pale tu ambapo tofauti ya bei ndiyo itakayokupa lenzi ya pili.

| | 2000D | D3500 | 250D |
|---|---|---|---|
| Megapikseli | 24.1 | 24.2 | 24.1 |
| Picha kwa sekunde | 3 | 5 | 5 |
| Pointi za fokasi ukichungulia kwenye kitundu | 9 | 11 | 9 |
| Picha kwa chaji moja (kipimo cha CIPA, chama cha watengeneza kamera Japani) | 500 | 1,550 | 1,070 |
| Video | Full HD, fremu 30 | Full HD, fremu 60 | 4K fremu 25, Full HD fremu 60 |
| Tundu la maiki | hakuna | hakuna | lipo |
| Skrini | haigeuki | haigeuki | inafunguka, ya kugusa |
| Kutuma kwenye simu | Wi-Fi na NFC | Bluetooth | Wi-Fi na Bluetooth |
| Uzito pamoja na betri na kadi | gramu 475 | gramu 415 | gramu 449 |

"Kaka, zote ni megapikseli ishirini na nne, tofauti ni jina tu." Maneno haya utayasikia dukani, na nusu yake ni kweli. Kwa megapikseli hakuna cha kuchagua hapo. Picha ya megapikseli 24 unaichapa ukubwa wa A3 na inabaki safi. Tofauti zenye maana ziko kwenye vitu ambavyo muuzaji havitaji: sauti, flashi na betri.

Video na sauti

Hapa 250D haina mshindani kati ya hizi tatu. Ina tundu la maiki la milimita 3.5, kwa hiyo unaweza kumvalisha mchungaji au bwana harusi maiki ya kubana kwenye koti, ukachomeka kipokezi kwenye kamera, na sauti ikaingia moja kwa moja kwenye video. Kwenye 2000D na D3500 utabaki na maiki ya ndani, ambayo inanasa feni, jenereta na kelele za lenzi inapotafuta fokasi. Njia ya kuzunguka ipo: rekodi sauti kwenye simu, kisha uzioanishe kwenye kompyuta. Kazi moja moja inawezekana. Ukiwa na kazi kila wikendi, utaichoka.

Pia 250D ina mfumo ambao Canon wanauita Dual Pixel, unaoifanya fokasi imfuate mtu kwa utulivu unaporekodi Full HD. 2000D haina fokasi ya kufuata wakati wa video. Mtu akisogea, bonyeza tena au zungusha mwenyewe. D3500 inajaribu, lakini inayumba mbele na nyuma kabla ya kutulia, na kwenye video mtazamaji ataliona hilo.

Hilo neno 4K kwenye boksi la 250D lisikununue, hata hivyo. Ukiiweka kwenye 4K, Dual Pixel inazimika na picha inakatwa pembeni, kiasi kwamba lenzi yako pana inageuka nyembamba. Ndani ya chumba utajikuta mgongo umegota ukutani. Wenye 250D wanaofanya kazi za watu wanarekodi Full HD, na wateja wanaotazama kwenye simu hawaoni upungufu.

Flashi

Sehemu hii isome mara mbili, kwa sababu haiandikwi kwenye boksi na imeshawagharimu wengi.

Shika kamera, utazame kile chuma cha juu unakochomeka flashi. Kwenye D3500 utaona kiduara cha shaba katikati, na vingine vidogo vimekaa karibu yake. Kwenye 2000D na 250D, kile cha katikati hakipo. Canon wamekiondoa, wakaacha vile vidogo tu ambavyo vinaongea lugha ya flashi za Canon.

Maana yake ni hii. Flashi nafuu za kurekebisha kwa mkono, triga (vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali) za bei ya chini, na triga nyingi za studio zinategemea hicho kiduara cha katikati peke yake. Ukizichomeka kwenye 2000D au 250D, unabonyeza shata na hakuna kinachowaka. Godox TT600 ya kawaida, ambayo wanaoanza wengi hununua kwa sababu ya bei, ina pini moja tu chini, hiyohiyo ya katikati. Juu ya D3500 inawaka. Juu ya 250D haiwaki.

Ukiwa na Canon hizi, nunua flashi au triga ya toleo la Canon yenye pini zote, iliyotangazwa kufanya kazi na modeli yako, na uichomeke hapohapo dukani upige picha kabla hujatoa hela. Ni ghali zaidi. Kwa mpiga picha wa matukio, ambaye flashi kwake ni kama jembe kwa mkulima, hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kuiweka D3500 mbele kwa picha.

Betri

Fikiria siku ya harusi. Asubuhi uko saluni na bibi harusi, mchana kanisani au msikitini, jioni ufukweni kwa picha za wawili, usiku ukumbini hadi keki na muziki. D3500 inaweza kuimaliza siku hiyo kwa betri moja. 250D itakufikisha ukumbini, na utataka ya akiba. 2000D itakuishia mapema, kwa hiyo hesabu betri ya pili kwenye bei yake tangu mwanzo. Namba zile za CIPA hupimwa kwa kuchungulia kwenye kitundu, na flashi ya ndani ikiwaka kwa nusu ya picha. Ukitumia skrini ya nyuma au ukirekodi video, betri zote tatu zinashuka haraka.

Lenzi: hapa ndipo hela iende

Kamera zote tatu huuzwa na lenzi ya 18-55, ile inayoitwa lenzi ya kit. Kabla ya kulipa, soma maandishi yanayozunguka kioo cha mbele. Kwenye Canon, tafuta herufi IS. Lenzi iliyoandikwa "IS II" au "IS STM" ina kizuia mtikisiko. Iliyoandikwa "III" bila IS haina, na hizi mbili zinafanana kiasi kwamba hata mwenye duka anaweza kuzichanganya. Kwenye Nikon, herufi za kutafuta ni VR, kwa sababu 18-55 ya AF-P nayo ipo ya aina mbili. Ukipewa isiyo na kizuia mtikisiko, omba ipunguzwe bei au ubadilishiwe.

Lenzi ya kit ni nzuri mchana. Jua likizama inakosa mwanga. Ukivuta hadi 55, tundu lake (apacha) haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Tuiweke kwenye kazi: uko ukumbini, taa za rangi, ISO (wepesi wa sensa kupokea mwanga) iko 3200. Lenzi ya kit inakulazimisha shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/15 ya sekunde, na mtu anayecheza anatoka kama moshi. Kwenye mwanga uleule, f/1.8 inakupa karibu 1/150, na uso unatulia. Kizuia mtikisiko hakisaidii hapo, kwa sababu kinatuliza mikono yako wewe. Anayecheza bado anacheza.

Kwa hiyo lenzi ya pili iwe ya f/1.8, au karibu na hapo. Lakini ipi? Wengi hukimbilia 50mm kwa sababu ni rahisi na imezoeleka. Canon EF 50mm f/1.8 STM ina gramu 160, na kwa picha ya uso na mabega inatoa matokeo ambayo mteja atayalipia. Tatizo ni nafasi. Sensa za kamera hizi ni ndogo kuliko filamu ya zamani, kwa hiyo 50mm inabana. Kumweka mtu mzima wima kwenye fremu, kichwa hadi viatu, unahitaji kurudi nyuma takriban mita nne na nusu. Sebule nyingi za nyumba za kupanga hazina urefu huo. Kipaimara cha nyumbani, maulidi sebuleni, sherehe ya mtoto kutimiza mwaka: 50mm itakunyima picha nusu.

Nikon ina AF-S DX 35mm f/1.8G, iliyotoka 2009 na sasa imejaa kwenye used. Kwa lenzi hiyo mtu mzima unampata kutoka mita tatu hivi, na bado una f/1.8. Kwa maoni yangu ndiyo lenzi bora ya pili kwa anayeanza kwenye hizi kamera zote. Upande wa Canon iliyo karibu nayo ni EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama kifuniko na nyepesi, gramu 125. Mtu mzima unampata kutoka mita mbili na kidogo. Ila f/2.8 inapokea chini ya nusu ya mwanga wa f/1.8, kwa hiyo ukumbini bado utahitaji flashi.

Nisiionee Canon. Lenzi zake za EF zimetengenezwa tangu 1987, na mota ya fokasi iko ndani ya lenzi yenyewe, kwa hiyo hata ya miaka hiyo inatafuta fokasi kwenye 2000D na 250D. Nikon haiko hivyo. D3500 haina mota ndani ya bodi, na lenzi za zamani zilizoandikwa AF bila S wala P, mfano 50mm f/1.8D inayouzwa bei ya kuvutia, utazizungusha kwa mkono. Kwenye D3500 nunua zilizoandikwa AF-S au AF-P. Kama umerithi lenzi za Canon kwa kaka au shemeji, au kuna mpiga picha mtaani anayekuazima zake, sababu hiyo peke yake inatosha kukuvuta upande wa Canon.

Wiki ya kwanza: Auto, A au M?

Kamera zote tatu zina gurudumu la hali za kupigia, na kila anayeanza anaambiwa aende M haraka ili awe mpiga picha kamili. Sikubaliani na ushauri huo. Kwenye M unahangaika na namba tatu (tundu, shata na ISO) kwa pamoja huku watoto wamekwisha kukimbia. Kwenye Auto nako, kamera inaamua kila kitu na inafyatua flashi ya ndani usoni mwa watu bila kukuuliza. Anza na hali ya apacha, iliyoandikwa A kwenye Nikon na Av kwenye Canon. Wewe unachagua tundu, kamera inatafuta shata.

D3500 inakusaidia zaidi hapa, kwa sababu kwenye ISO ya kujiendesha unaweza kuiambia shata isishuke chini ya 1/125 na ISO isipande zaidi ya 6400, kisha ukasahau. Kwenye 2000D unaweka kikomo cha ISO tu. Watu wakianza kucheza, hamia Tv, ambapo shata unaichagua wewe, weka 1/160, na ISO iache ijitafutie.

Jambo la kujifunza mapema kuliko M ni kitufe cha kuongeza na kupunguza mwanga. Kamera inapima mwanga ikidhani kwamba kila kilicho mbele yake ni cha rangi ya kati. Bibi harusi mwenye shela jeupe akijaza fremu, kamera inaona mwanga umezidi, inapunguza, na shela linatoka la kijivu huku uso wake mweusi ukizama kabisa. Ongeza +1. Mtu amesimama mlangoni, nyuma yake jua la saa saba: ongeza hadi uso uonekane, na mandhari ya nyuma yaache yaungue kidogo, kwa sababu uso ndio picha. Kinyume chake, mzee mwenye suti nyeusi kwenye kona yenye giza, punguza kidogo, la sivyo suti inageuka ya kijivu na paji la uso linang'aa. Kwenye D3500 kitufe kiko karibu na shata, unakifikia kwa kidole huku unachungulia. Kwenye Canon zote mbili unashikilia kitufe cha Av nyuma huku unazungusha gurudumu la juu. Kwa ngozi zetu, kitufe hiki kitakupa zaidi ya sensa yoyote utakayoinunua.

Piga RAW (faili ghafi la kuhariri baadaye) pamoja na JPEG. JPEG unaituma WhatsApp siku hiyohiyo, RAW inakusubiri hadi utakapojua kuihariri. Kama kompyuta yako ina programu ya zamani isiyofungua RAW za kamera hizi, darktable ni ya bure.

Na used?

Kwa bei ya 250D mpya unaweza kukutana na Nikon D7200 ya 2015 au Canon 80D ya 2016. Zote ni ngazi ya juu kuliko hizi tatu. D7200 ina nafasi mbili za kadi, kwa hiyo harusi ya mtu inaandikwa mara mbili na kadi moja ikifa bado unayo, na ina mota ndani inayoendesha zile lenzi za zamani za AF, kama 50mm f/1.8D. 80D ina Dual Pixel, tundu la maiki na la hedifoni, na magurudumu mawili. Zote mbili zina kile kiduara cha katikati cha flashi. Kwa anayejua kwamba kazi yake ni matukio, ningemshauri D7200 iliyotunzwa kuliko kamera mpya yoyote kati ya zile tatu.

Ila used ina ukaguzi wake. Nikon huandika idadi ya shata (mara ngapi imefyatuka) ndani ya kila picha, kwa hiyo piga moja, ichukue faili halisi, uipandishe kwenye tovuti inayosoma idadi hiyo. Shata ya D7200 imejaribiwa na Nikon hadi mara 150,000. Canon wengi hawaandiki namba hiyo kwenye picha, inahitaji programu ya kompyuta na waya wa USB, na muuzaji anayekataa uiunganishe, mwache. Kisha weka f/22, piga ukuta mweupe au anga tupu, uikuze picha: madoa meusi yaliyotulia mahali palepale kila picha ni vumbi kwenye sensa. Hilo linasafishika.

Lisilosafishika kirahisi ni fangasi ya lenzi, na sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja tunaifahamu kwa sababu ya unyevu wa pwani. Toa lenzi kwenye kamera, fungua apacha, washa tochi ya simu upande mmoja na utazame kutokea upande wa pili ukiinamisha taratibu. Vumbi ni vidoti. Fangasi ni nyuzi nyembamba nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni kuelekea katikati, na huzioni mpaka mwanga upite kwa ubavu. Ukiziona, irudishe hata kama bei ni nusu. Na ya kwako itunze kwenye kopo la plastiki linalofunga barabara, na pakiti za silika ndani, badala ya kuiacha kwenye begi lenye jasho la jana.

Kadi ya kumbukumbu nayo usiinunue kwa macho. Kadi bandia zinaandikwa 64 GB huku zina uwezo wa 8, na zinakubali picha zako bila kulalamika hadi siku unapozifungua ukute faili hazisomeki. Kwenye Windows kuna programu ya bure, H2testw, inayoijaza kadi yote na kuisoma tena. Iache ifanye kazi usiku kucha kabla ya kupeleka kadi hiyo kwenye kazi ya mtu.